Jalada la Mtu wa Kumi na Moja

Barua tatu zilizosema kwamba mdogo wangu hajakamatwa nilizisajili mimi mwenyewe. Nilizipa nambari, nikazipiga muhuri, nikabakiza nakala, nikazikabidhi kwa tarishi. Ya kwanza ilisema serikali haimfahamu mtu huyo. Ya pili ilisema serikali imefanya uchunguzi wa kina na bado haimfahamu. Ya tatu ilikuwa na hasira kidogo. Wakati huo mdogo wangu alikuwa na miezi minane rumande, na kila Jumamosi mama alikuwa akimpelekea sabuni.

Msinione sina moyo. Mimi ni karani wa masjala katika Wizara ya Biashara, huu mwaka wa ishirini na mbili, na masjala haina mdomo. Kazi yetu ni kuhakikisha kila karatasi inayoingia na inayotoka ina mahali pake pa kulala. Ningezikataa barua zile wangenifukuza, kisha wangempata karani mwingine wa kuzisajili vibaya. Mimi angalau nilijua ziko kabati gani.

Mdogo wangu tunamwita Mkasi, kwa sababu ni fundi wa kukata vitambaa katika kile kiwanda cha ghorofa tatu kinachoshona mashati ya watu wa ng'ambo. Milango sita ya kiwanda ilikuwa ikifungwa kwa kufuli upande wa nje, asubuhi hadi jioni, ili wafanyakazi wasitoroke na mashati. Siku moja pasi ikashika moto ghorofa ya pili. Moto ulizimwa kwa ndoo, lakini watu mia nne walikaa dakika ishirini wakigonga milango, wakimsubiri mwenye funguo amalize kula. Mkasi akaandika ukurasa mmoja kuhusu zile kufuli, akawasomea wenzake, akaupeleka gazetini. Siku mbili baadaye wakamjia na gari lisilo na nambari. Mchumba wake, ambaye mimi namwita wifi ingawa ndoa ilikuwa bado, anashona kola ghorofa ya tatu humo humo kiwandani. Alimwona dirishani akisukumwa ndani ya gari, na hakuweza kushuka kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa.

Sasa, nchi yetu ilikuwa imepata bahati ya mtende. Mataifa yanayonunua mashati yalikubali mkataba: mashati yaingie kwao bila ushuru. Mawaziri walipeana mikono, keki ikakatwa, picha zikatoka. Kilibaki kitu kimoja tu, bunge la wanunuzi liridhie. Na bunge hilo lina kamati ya haki za binadamu, ndiyo iliyoandikiwa zile barua tatu, na mwenyekiti wa kamati ni mama mmoja mwembamba, miwani inaning'inia kifuani, anayesoma hadi yale maandishi madogo ya chini ya ukurasa. Mama huyo akaleta orodha ya watu kumi na mmoja. Waachiliwe hawa, akasema, ndipo tupige kura.

Kumi walipatikana kwa siku mbili. Wengine hawakuamini walipoambiwa wavae viatu. Wa kumi na moja ndiye aliyemleta Mkurugenzi wetu masjala, yeye ambaye kwa kawaida hushuka huku chini siku ya moto au siku ya ukaguzi. Ni mtu mstaarabu sana. Hubisha hodi hata kwenye ofisi yake mwenyewe.

"Dada," akasema, "nitafutie jalada la huyu wa mwisho."

"Hana jalada, Mkurugenzi."

"Kila mtu ana jalada."

"Huyu hakukamatwa. Tuna barua tatu."

Nikamtolea. Akazisoma zote akiwa amesimama, na kila alipofika chini ya ukurasa aliikuta saini yake.

"Sawa. Lakini mtu mwenyewe yuko wapi?"

"Rumande, chumba cha nne. Mama alimwona Jumamosi."

"Mama yako anamjuaje?"

"Ndiye aliyemzaa."

Akakaa juu ya rundo la majalada ya mwaka juzi bila kupangusa vumbi, na suti ile ilikuwa mpya. "Miezi minane," akasema, "kwa nini hukusema?"

"Hukuniuliza. Uliniletea barua nizisajili."

Tatizo likawa hili. Mkuu wa gereza alikataa kumtoa mtu ambaye vitabuni mwake hakuwahi kumpokea. Alikuwa sahihi, na mtu aliye sahihi serikalini ni taabu tupu. Kumwachilia Mkasi kulihitaji hati ya kumwachilia, hati ilihitaji hukumu, hukumu ilihitaji shitaka, na shitaka lilihitaji akamatwe. Mdogo wangu alikuwa anakosa uhuru kwa sababu alikuwa hajafungwa vya kutosha.

Hapo ndipo masjala ilipofaa. Tuna desturi yetu: jalada likipotea, hatusemi kwamba halipo. Tunafungua jalada la muda, tunaandika juu yake kwamba la zamani linatafutwa, na kazi inaendelea. Yako majalada ya muda humu yenye umri kunizidi. Nikamwambia Mkurugenzi, tuseme jalada la Mkasi lilipotea. Uso wake ukanawiri.

Basi Jumanne saa nne asubuhi nikamkamata mdogo wangu kwa kalamu ya bluu. Kosa lake, kwa ushauri wa mwanasheria wa wizara, lilikuwa kuzurura karibu na kiwanda ambamo alikuwa ameajiriwa kwa miaka tisa. Jumatano alihukumiwa. Alhamisi alisamehewa. Ijumaa alitoka, amekonda, ndevu zimemfika kooni, na mama akamshika masikio yote mawili kumhakiki. Chini ya kila karatasi niliandika orodha ya wanaopelekewa nakala: Waziri, Polisi, Magereza, kiwanda. Mkurugenzi akaongeza wa tano kwa mkono wake, kamati ya haki za binadamu, ng'ambo. Alitaka mama wa miwani aone kwamba kwetu mambo hufuata utaratibu.

Mama wa miwani mwenyewe akaja kuona. Siku hiyo ilikuwa ya funika kombe mwanaharamu apite. Milango ilipakwa rangi ya kijani, kufuli zikafichwa stoo ndani ya katoni la vifungo, na wafanyakazi wakafundishwa kutabasamu kwa zamu. Mwenyekiti akausukuma mlango kwa kidole kimoja, ukafunguka, akaandika kitu. Akapiga picha na Mkasi. Kesho yake kufuli zikarudi mahali pake, na wifi akaja nyumbani jioni kutuambia, huku anakunja mikono ya sweta yake na kuikunjua.

"Wamenitoa mimi," Mkasi akasema, "wakawaacha nyinyi mmefungiwa."

"Wewe kaa kimya," nikamwambia. "Umetoka juzi tu."

"Nimenyamaza tangu Ijumaa, dada. Inatosha."

Kamati ilifurahi nusu. Ikakubali mashati yaanze kuingia kwa mpango wa muda wa miezi sita, ila kabla ya kura ya mwisho ilitaka kuona maendeleo yanayoendelea. Ndivyo ilivyoandikwa. Mkurugenzi akashuka tena masjala, safari hii hata hodi hakupiga.

"Wanataka tuendelee kuachilia watu," akasema. "Sasa wale wenye majina tumewatoa wote. Mwezi wa tisa tutakwenda na nini?"

"Si ni jambo jema, kutokuwa na wafungwa wa aina hiyo?"

"Jema sana. Lakini halionekani."

Nilidhani anatania. Jumatano ikaja karatasi kutoka juu, nisajili. Ilipendekeza kwamba mhusika wa jalada la muda, kwa kuwa anajulikana ng'ambo na amekwisha kupigwa picha, akamatwe Jumatatu ijayo kwa lengo la kuachiliwa mwezi wa tisa. Ilikuwa imepigwa taipu vizuri, na aya zake zilikuwa zimepangwa.

Nikaisoma mara mbili. Nilikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo katika jengo lile, hata nilipopitwa cheo na mpwa wa katibu. Barua tatu nilizisajili, nikajiambia masjala haina mdomo. Hii ya nne niliona nikiisajili nikaishia hapo nitakuwa nimemfunga kamba mtoto wa mama yangu kwa mikono yangu. Na hati ya kumkamata isingeweza kutoka bila jalada lililo wazi. Hilo nalijua mimi kuliko Waziri.

Jalada hufungwa kwa sababu tatu tu: uhamisho, kustaafu, kufariki. Mdogo wangu hakuwa mtumishi wa kuhamishwa wala wa kustaafu.

Mkurugenzi hutia saini kila Alhamisi, kikombe cha chai mkono wa kushoto. Hupelekewa karatasi katika kitabu kikubwa chenye kurasa zilizokatwa pembe, ili kionekane kile kipande cha kusaini peke yake. Aliubuni mwenyewe mtindo huo, aokoe muda. Saini arobaini kwa kikombe kimoja. Mimi niliiweka ya kwangu kati ya ombi la mapazia na likizo ya dereva: jalada lifungwe, mhusika amefariki kwa homa ya ghafla. Saa tano kasorobo mdogo wangu alikuwa marehemu, na chai ilikuwa bado ya moto.

Mchana huo huo nikampeleka Mkasi stendi, aende kwa shangazi, mji wa mbali, mwanamke anayeshona sare za shule na asiyependa maswali. Jumatatu polisi wakarudisha pendekezo lile likiwa limeandikwa kwa wino mwekundu: haiwezekani, mhusika ni marehemu. Nilicheka peke yangu kati ya makabati hadi nikashikwa na kwikwi.

Nilicheka mapema. Alhamisi ile, baada ya saini, mikono yangu ilifanya kazi iliyoizoea. Ilitoa nakala tano, ikatia bahasha tano, ikafunga kwa gundi. Ya tano ilikuwa ya ng'ambo. Miaka ishirini na miwili sijawahi kuacha kupeleka nakala kwa aliyeandikwa kwenye orodha, na siku ambayo uzembe ungekuwa na faida, sikuwa mzembe.

Mama wa miwani akasoma hadi maandishi madogo. Akayaona maneno "homa ya ghafla." Siku mbili baadaye kura ilisimamishwa, na redioni ikatangazwa kwamba mtetezi wa wafanyakazi amefariki katika mazingira ya kutatanisha. Serikali ikaapa kwamba yu hai. Barua hiyo pia niliisajili. Mwenyekiti akajibu kwa ufupi: kwanza mlisema hayupo, kisha mkasema alizurura, kisha mkasema amekufa, sasa mnasema yu hai, tafadhali chagueni moja, mtuletee tumwone. Na serikali haikuwa naye wa kumpeleka. Kwa mara ya kwanza ilikuwa inasema kweli, na hakuna aliyeiamini.

Nyumbani kwetu watu walijaa. Mama, ambaye alijua kila kitu, alikaa kwenye mkeka akalia kwa siku tatu. Baadaye nilimuuliza ameyapata wapi machozi yote yale. Akasema alikuwa anaililia ile miezi minane, ambayo hakupata nafasi ya kuililia. Wifi alifika na sare ya kiwanda, akaanguka mlangoni, wanawake wakambeba. Nilitaka kumwambia pale pale. Lakini kulikuwa na watu sitini ukumbini, na nusu yao hatuwajui.

Kufa kufaana, wahenga hawakukosea. Kamati haikuufuta mpango wa muda, iliuongezea sharti. Mashati yataendelea kuingia mradi ile milango aliyoilalamikia marehemu ing'olewe kabisa, isibaki hata bawaba, na mkaguzi wao akae hapa hapa kuhakikisha. Mwenye kiwanda alilalamika asubuhi nzima, mchana akaleta mafundi na mitaimbo. Milango yote sita ikang'olewa, pamoja na rangi yake ya kijani. Kazi iliyompeleka Mkasi aliye hai rumande, Mkasi maiti aliimaliza kwa juma moja.

Mkurugenzi akanijia Ijumaa. Alibisha hodi.

"Dada, mimi nimesaini karatasi ambayo sikuisoma. Hilo ni kosa langu," akasema. "Sitaki kujua nani aliiweka. Nataka mtu mmoja asimame mbele ya kamera dakika kumi, aseme jina lake. Kamati imeirudisha kura, wanapiga tarehe ishirini bila kungoja mwezi wa tisa. Akionekana, mkataba unapita, na sisi sote tunalala."

"Na yeye atalala wapi?"

"Kwake. Hakuna atakayemgusa, nakuapia."

"Na milango?"

Akaangalia kiatu chake. "Milango ni mambo ya kiwanda. Mkataba ukisharidhiwa, mkaguzi anaondoka."

Sikumwona mwongo. Nilimwona mchovu, na nikamhurumia, na huruma yenyewe ikaniudhi. Jumamosi nikafunga safari kwa shangazi.

Nilimkuta Mkasi nyuma ya nyumba, amejifungia kwenye chumba cha kukatia, anakata kaptula za shule kumi na mbili kwa mpigo. Amenenepa kidogo. Nikamweleza yote bila kutia chumvi: ahadi, kamera, tarehe ishirini, kwamba angeweza kurudi nyumbani, akaoa, akatembea barabarani mchana.

"Imeng'olewa yote sita?" akauliza.

"Yote. Nimeiona kwa macho yangu. Wameifanya kuni."

"Na ya ghorofa ya tatu?"

"Hiyo ndiyo ya kwanza."

Akaweka chini kile chuma cha kukatia, akazikusanya kaptula, akazipanga upya ingawa zilikuwa zimepangika.

"Nikifufuka, itakaa muda gani bila mlango?"

"Mpaka mkaguzi apande ndege."

"Basi usinifufue, dada."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wazoee kufanya kazi bila milango. Mwaka, miaka miwili. Mimi sijui."

"Na wifi? Nimwambie?"

Hapo ndipo alipolia, mdogo wangu, amesimama na uzi umemganda kwenye nywele. Akasema wifi hajui kuficha. Akiwa na furaha hata kola zinajua. Ataingia kiwandani Jumatatu uso unang'aa, na kabla ya saa nne mwenye kiwanda atakuwa amefahamu. "Yeye ndiye anayekaa ghorofa ya tatu," akasema. "Heri anililie akiwa na pa kutokea." Shangazi aliyasikia yote kutoka jikoni, na aliponiletea chai alikuwa amesahau kutia majani.

Jumatatu nikamwambia Mkurugenzi kwamba masjala haina habari zozote za mtu huyo. Aliitikia kwa kichwa, akanishukuru, akaenda kuandika barua ya sita. Tarehe ishirini kura iliahirishwa kwa miezi sita, na mpango wa muda ukaongezwa muda.

Jioni hiyo nikapitia kiwandani. Saa kumi na moja wafanyakazi walitoka kwa mikupuo, kupitia mahali palipokuwa na milango, wanaongea, hakuna anayesukumana. Wifi alikuwa miongoni mwa wa mwisho, kitambaa cheusi kichwani. Akanishika mkono, akanivuta kando ya ukuta.

"Wifi, watu wanasema serikali imewanyima maiti," akasema. "Mimi sisemi hivyo. Mimi nasema mlimzika kimya kimya kwa sababu mliogopa, na siwalaumu. Lakini mimi si mtu wa nje."

"Si mtu wa nje," nikasema.

"Basi nipeleke kwenye kaburi. Nikae naye kidogo, nimwambie milango imetolewa."

Nikamwambia ni mbali. Akasema ameomba likizo ya siku tatu na amepewa, nguo amekwisha kufungasha, nimtajie tu ni wapi.